Kuosha na kung'arisha gari lako mwenyewe hapa Nairobi: raha na karaha zake

NdooMbili (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Kuna jambo nataka tulijadili kwa kirefu, hasa sisi tunaopenda magari yetu yang'ae. Rangi ya gari hapa Nairobi inaharibika zaidi wakati wa kuoshwa kuliko wakati wa kuendeshwa. Mtu anatoa mia tatu, gari linapigwa maji ya presha dakika moja, halafu linasuguliwa kwa sabuni ya unga ya kufulia nguo na kitambaa kilekile kilichomaliza matairi ya gari lililotangulia. Linatoka linametameta, na mwenyewe anaondoka ameridhika. Sasa lisimamishe usiku chini ya taa za stesheni ya petroli, uinamie boneti kwa upande. Utaona mikwaruzo midogo ya mviringo imeuzunguka ule mwanga, maelfu kwa maelfu. Hiyo imeletwa na mchanga uliokuwa ndani ya kitambaa.

Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, na sheria inaruhusu yasiyozidi miaka 8. Maana yake ni kwamba gari likishuka bandarini Mombasa rangi yake tayari ina umri. Juu ya rangi kuna lakeri isiyo na rangi, mafundi wanaiita klia, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Kila ukipiga kompaundi, ile polishi ya kukwangua, unaipunguza, na haioti tena. Ongezea jua letu: tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ikweta iko hapo tu kaskazini yetu. Ndiyo maana gari nyingi aina ya Fielder na Demio paa na boneti zimebabuka zikawa mabaka meupe, ilhali milango bado ni mizuri.

Kwa hiyo gari langu naliosha mwenyewe. Nitaeleza ninavyofanya kwa sababu najua wengi hapa mnaishi ploti zenye mgao wa maji kama sisi huku mtaa wa Utawala. Maji mengi ya jiji hili yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hata bwawa likijaa pomoni, bomba letu linaweza kukauka siku kadhaa. Hakuna atakayekuachia hospaipu saa nzima eti unaosha gari wakati majirani wanapanga mitungi.

Mitungi miwili ya lita 20 inatosha gari dogo ukiwa na bomba la kunyunyizia dawa, lile la mgongoni la wakulima linalouzwa agroveti. Nunua jipya, lisilowahi kutiwa dawa ya magugu. Tia maji na shampuu ya gari kidogo, nyunyizia gari zima, uliache dakika tano bila kuligusa. Uchafu unalainika na kuanza kuteremka wenyewe. Suuza kwa bomba hilohilo. Hapo ndipo mkono unaruhusiwa kugusa bodi. Ndoo moja ni ya shampuu, ya pili ni ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Rimu zina brashi yake na ndoo yake, nazo natangulia nazo ili uchafu wake usirukie bodi iliyokwisha kuwa safi. Halafu paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango. Sehemu ya chini ya milango na bampa ya nyuma ni za mwisho kabisa, maana mchanga wote umekusanyika huko. Kila upande ukiisha, glavu inapita kwenye ndoo ya pili. Ukimaliza kazi, mwaga ile ndoo polepole utazame tope lililolala chini. Hilo ndilo lingekuwa linasugua klia yako.

Kwenye kukausha watu wengi wanaharakisha, na hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika. Chukua taulo kubwa la maikrofaiba, kata lebo yake, litandaze juu ya boneti, ulivute kwa pembe mbili bila kukandamiza. Na usioshe juani. Maji ya kisima yana chumvichumvi, yakikaukia kwenye rangi ya moto yanaacha madoa ambayo kitambaa peke yake hakiyatoi. Mimi huosha asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja.

Sasa raha yenyewe. Gari likishakauka, ingiza mkono ndani ya karatasi ya mkate. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini karatasi ya mkate kila nyumba inayo. Pitisha vidole taratibu juu ya boneti. Kwa macho boneti ni safi, lakini vidole vinasikia chembechembe kila mahali. Ni chuma cha breki, lami na utomvu wa miti vilivyojishika kwenye klia. Sisi tunaoegesha karibu na mafundi wa kuchomelea mageti tunazo kwa wingi, kwa sababu cheche za grinda ni chuma cha moto kinachotua kwenye rangi na kuganda. Kuna dawa ya kuondoa chuma: unanyunyizia, unangoja dakika chache, na kila chembe inaanza kutoa mchirizi wa zambarau. Kwenye gari jeupe unaiona wazi. Ukisuuza, chukua kipande cha udongo maalum wa kusafishia rangi, lowesha bodi kwa shampuu, upitishe bila nguvu. Mwanzoni unasikia udongo ukikwaruza. Ukirudia, mkwaruzo unapungua, na baadaye unateleza kimya kabisa. Rudisha karatasi ya mkate pale pale: vidole havisikii kitu. Hapo ndipo nta inaposhika vizuri. Mimi nangoja saa hiyo wiki nzima.

Na kuna faida ambayo hakuna anayekwambia. Ukiligusa gari lako lote kwa mkono unalijua. Nimewahi kukuta msumari kwenye tairi kabla upepo haujaisha. Nimewahi pia kuona grisi imerukia ndani ya rimu, kumbe mpira wa ekseli umepasuka. Anayeosha magari thelathini kwa siku hana muda wa kukutazamia hayo.

Karaha ni vumbi. Unamaliza kupaka nta, lori la mawe linapita kwenye barabara isiyo na lami, na kazi yote imefunikwa. Hilo linauma. Nyinyi wenzangu mnafanyaje?

WaRuaka

Uzi mzuri, kaka. Naongezea upande wa udongo, kwa sababu Nairobi si mchanga mmoja. Sisi wa huku Ruaka, Kikuyu na Kabete tuna udongo mwekundu. Ukikauka unakuwa vumbi laini linaloingia kwenye raba za milango, bawaba na kizingiti, na kila ukifungua mlango suruali inachafuka. Nyinyi wa mashariki na kusini, Embakasi, Syokimau hadi Kitengela, mna ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Huo haupeperuki sana wakati wa mvua, unanata. Unajaa ndani ya matao ya magurudumu na kukaa na unyevu kwenye chuma wiki kadhaa. Ukikaukia ndani ya rimu, usukani unatetemeka ukifika mwendo wa kilomita 80 na mtu anakimbilia kufanya balansi ya magurudumu bure. Ingiza brashi nyuma ya rimu kwanza.

Jambo lingine ni mijakaranda. Kuanzia Septemba hivi hadi Novemba maua yanaanguka usiku kucha, na yakilowa juu ya boneti yanaacha doa la kahawia. Lakini ubaya wake mkubwa uko chini ya waipa, pale kwenye plastiki chini ya kioo cha mbele. Maua na majani yanaziba matundu ya kupitishia maji, halafu mvua za vuli zikija maji yanatafuta njia ya kuingia ndani. Watu wanabadilisha raba za kioo wakati tatizo ni majani. Nyoosha mkono, yatoe. Ni kazi ya dakika mbili.

KijanaWaKarwoshi

Salamu wakubwa. Mimi naosha magari Umoja, nimesoma yote na sijakasirika, lakini naomba nisikilizwe. Mteja anakuja na haraka zake, anataka gari ndani ya dakika ishirini, nje na ndani, kwa mia tatu. Kwenye hiyo mia tatu kuna maji ya kununua, stima ya presha, sabuni na sehemu ya mwenye kiwanja. Kinachobaki tunagawana wawili. Kitambaa cha maikrofaiba kizuri mimi mwenyewe nakitamani. Aliyewahi kuniletea taulo lake na shampuu yake nimemwoshea kwa taulo lake na shampuu yake, na gari lake nalijua mpaka leo. Mteja akisema taratibu na akaongeza kidogo, tutafanya taratibu. Msituache, tuambieni mnachotaka.

NdooMbili

Mdogo wangu, umesema kweli tupu na nakushukuru kwa kuandika. Lawama nazielekeza kwa utaratibu wenyewe wa kazi: bei ya chini, haraka, kitambaa kimoja. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, matope yakizidi mimi pia huenda karwoshi ya jirani. Nanunua presha na povu tu, naomba wapige chini ya gari na matao ya magurudumu hadi maji yatoke safi, halafu sehemu ya glavu na taulo namalizia mwenyewe. Nalipa bei nzima, sipunguzi. Kwa anayeishi ghorofani bila maegesho ya kuoshea, au ambaye keateka amemkataza, naona hiyo ndiyo njia bora kuliko zote.

FundiBodi

Nimepiga rangi magari miaka mingi, hasa Industrial Area, na nataka kugusia polishi. Kabla hujashika mashine, jua unashughulika na rangi gani. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha gari. Nyeupe ya Toyota namba 040 mara nyingi haina klia kabisa, ni rangi tupu. Ukiisugua kitambaa kinatoka cheupe, na watu wanaogopa wakidhani wameiharibu. Ni kawaida yake. Nyeusi ya Toyota namba 202 ni laini, hata taulo kavu linaiachia alama. Mwenye gari jeusi anahitaji subira mara mbili ya mwenye gari la fedha.

Pili, gari ulilonunua huenda lilikwisha kupakwa rangi tena, Japani au hapa. Ukiwa na karatasi ya mnada ya Japani, tazama ule mchoro wa gari: herufi A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa. Palipo na W usipaendee kama palipo na rangi ya kiwandani. Kipimo cha unene wa rangi kinasaidia sana. Rangi ya kiwandani huwa mikroni mia na kitu. Ukikuta mia nne au mia tano, chini kuna pati ya kujazia mabonyeo au rangi imerudiwa.

Tatu, mashine. Anayejifunza asinunue ile inayozunguka tu kwa kasi, anunue inayozunguka huku ikiyumba. Ya kwanza inachoma kona na mikunjo ya bodi kwa sekunde chache, na ukishatoboa klia dawa yake ni kupaka upya. Anza na polishi laini na pedi laini, kwenye kipande kidogo, utazame kwa tochi. Ikitosha usiongeze nguvu.

Tena mjihadhari na ile polishi ya bei rahisi ya haraka haraka. Nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo ionekane imekwisha. Ukiosha gari mara mbili tatu yote inarudi. Ukitaka kujua kama mkwaruzo umetoka kweli, futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, halafu angalia tena.

DerevaAqua

Mimi ni mama na ni dereva wa teksi za programu, naendesha Toyota Aqua, na nyinyi wanaume mmezungumza nje tu. Mteja wangu anakaa ndani. Nyota anazonipa zinatokana na harufu na kiti.

Jambo la kwanza ninalosimamia ni zulia kutolowa. Juni hadi Agosti Nairobi ina baridi na mawingu, gari likioshwa zulia kwa maji mengi jioni, halikauki. Siku ya tatu linatoa uvundo na hakuna manukato yatakayouficha. Mimi nafyonza vumbi kwanza, natumia brashi na povu zito, maji kidogo sana, nafuta kwa taulo, halafu naliacha gari juani milango wazi. Wakati wa baridi sioshi zulia kabisa, nafyonza tu. Mazulia ya miguuni yanatolewa, yanaoshwa, yanaanikwa kwenye kamba kama nguo nyingine.

Jambo la pili ni kwa wote wenye Aqua na haibridi zingine za Toyota, yaani za petroli na umeme. Betri kubwa inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na tundu lake la kuvutia hewa liko eneo la kiti cha nyuma. Vumbi na nyuzi za zulia zikiziba kile kichujio, feni inavuma kwa sauti na betri inapata joto. Kukisafisha ni kukichomoa, kukipuliza na kukirudisha. Na yeyote anayekuoshea viti, mwambie mapema kwamba hapo hapamwagwi maji. Mimi nasimama nikitazama mpaka amalize.

Dashibodi msipake ile ya kung'aa yenye silikoni. Inavuta vumbi, na jua la mchana linairudishia kioo cha mbele hadi unashindwa kuona barabara. Kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha. Plastiki ikibaki na rangi yake ya kawaida, hiyo ndiyo safi.

Syokimau

Dada umenifungua macho kuhusu kichujio, asante sana. Maswali yangu mawili. Kila siku napita Mombasa Road, na kwenye foleni pale Uwanja wa Nyayo wale korongo wakubwa walio juu ya migunga wananiachia mzigo kwenye boneti. Nikifika nyumbani umekauka. Nautoaje? Pili, taa zangu za mbele zimekuwa manjano, nimeambiwa dawa ya meno inatosha.

NdooMbili

Usisubiri wikendi. Mavi ya ndege yana asidi, na boneti ikiwa ya moto klia inalainika, halafu ikipoa inajikunyata pale yalipogandia. Hilo shimo dogo unaloliona baadaye limeingia ndani ya klia. Wala usiyakwangue, kwa sababu yana mchanga na vipande vigumu. Weka kwenye gari chupa ya maji yenye shampuu kidogo na kitambaa. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika tano, kiinue moja kwa moja kwenda juu. Rudia hadi paishe. Nta nzuri inakupa saa kadhaa zaidi kabla hayajaanza kula. Taa nawaachia mafundi.

FundiBodi

Dawa ya meno inang'arisha wiki chache tu. Taa hizi ni plastiki ya polikaboneti, na kiwandani zilipakwa tabaka la kuzuia jua. Tabaka hilo ndilo limekufa. Unalitoa lote kwa msasa wa maji, uanze namba 800 ikiwa limeoza sana, uende 1500, 2000, umalizie 3000, kila mara ukibadilisha mwelekeo wa mkono. Bandika selotepu kuzunguka taa ili usiguse bodi. Halafu polishi. Ukiishia hapo taa zitang'aa na baada ya miezi michache jua letu litazirudisha manjano, kwa hiyo lazima zipakwe tena klia yenye kinga ya jua. Ile klia bora ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha, ina kemikali ya isosianati, ni sumu ya mapafu. Usiipulizie ndani ya gereji iliyofungwa, na usitumie barakoa ya kitambaa. Kazi hiyo mpe fundi mwenye barakoa ya vichujio, msasa ufanye mwenyewe.

WaRuaka

Fundi, na hii kotingi ya seramiki wanayotangaza kila mahali? Nimetajiwa makumi ya maelfu ya shilingi.

FundiBodi

Ni kitu cha kweli, lakini kinaelezwa kupita kiasi. Ni tabaka jembamba sana lenye silika. Maji yanateleza, uchafu haushiki sana, kuosha kunakuwa rahisi. Halizuii kokoto, halizuii kijana wa bodaboda kupitisha mpini wa pikipiki mlangoni. Na chochote kilichoko chini yake kinafungiwa humo, kwa hiyo bei kubwa inatakiwa iwe ya polishi ya kabla. Muulize anayekuuzia: utasahihisha rangi kwa hatua ngapi, na gari litalala ndani usiku mzima bila kuguswa na umande? Akijibu haraka haraka, rudi kwenye nta yako. Ukiipaka kila baada ya miezi miwili mitatu, gari litakuwa salama.

MpangajiKilimani

Samahani kuingia mwishoni. Sisi tunaegesha chini ya ghorofa na dari ya zege inavuja. Gari langu la buluu lina michirizi myeupe migumu, shampuu haitoi, udongo wa kusafishia pia umeshindwa. Nimeshalalamika kwa wenye jengo bila mafanikio.

FundiBodi

Hiyo ni chokaa ya zege. Maji yanapita ndani ya dari, yanaibeba, yanadondoka na kukauka juu ya klia. Usiisugue. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya mchirizi dakika chache gari likiwa limepoa na liko kivulini. Utaona inalainika. Futa bila nguvu, rudia, halafu osha pale kwa shampuu na maji mengi ili asidi isibaki. Ukikuta alama ya duara imebaki, imeshaingia kwenye klia na itahitaji polishi. Na omba nafasi nyingine ya kuegesha leo, kabla ya mvua ijayo.

MpangajiKilimani

Nimejaribu kwenye mlango wa nyuma sasa hivi, imetoka yote isipokuwa doa moja. Nahamisha gari. Udongo wa kusafishia na pedi laini naweza kuvipata wapi bila kuagiza nje?

NdooMbili

Anzia maduka ya vifaa vya magari Kirinyaga Road na kule Ngara. Fungua kopo kabla ya kulipa na ubonye udongo kwa kidole: ukiwa mgumu au una vipande, umezeeka, usiuchukue. Na ukishaununua, ukikuangukia chini hata mara moja, utupe. Hauoshwi.